Baridi ya Kusi Yasingiziwa: Kwa Nini Pikipiki Huwaka kwa Unyonge Alfajiri

Katika vituo vya ulinzi vilivyo kandokando ya bahari kaskazini mwa Cabo Delgado, tangu Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, pikipiki si chombo cha starehe. Njia nyingi za huko ni za mchanga, na gari zito hukwama mahali ambapo pikipiki ndogo hupita bila taabu. Ndiyo ipelekayo ujumbe pale redio inaponyamaza; ndiyo ichukuayo dawa na mkate kwa walio lindoni; na mara nyingi ndiyo imfikishayo mama mjamzito katika zahanati. Kwa hiyo, pikipiki inayokataa kuwaka saa kumi na moja alfajiri si jambo la kufanyia mzaha.

Wakazi wa pwani hii wanajua vizuri kwamba adui hachagui saa. Tarehe 5 Oktoba, 2017 haitasahaulika huko, kwa maana siku hiyo vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa kabla ya mapambazuko. Palma nayo ilivamiwa alasiri ya tarehe 24 Machi, 2021. Askari anayetazamia kuitwa wakati wowote hana budi kuwa na chombo kinachoitika wakati wowote.

Lakini kila mwaka, upepo wa kusi unaposhika pwani na miezi ya Juni na Julai inapowadia, malalamiko huwa ni yale yale. Stata inazunguka kwa uvivu, injini inakohoa mara mbili tatu kisha inazima, na mpanda pikipiki anatoa hukumu papo hapo: "Ni baridi hii." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika pwani hii, baridi hulaumiwa kwa makosa ambayo kwa sehemu kubwa si yake. Anayeilaumu baridi hungoja jua lichomoze. Anayeijua sababu hushika spana.

BARIDI NI KIASI GANI?

Hebu kwanza tuipime hiyo baridi yenyewe. Katika mwambao wa Palma na Mocímboa da Praia, alfajiri ya mwezi Julai joto hushuka hadi nyuzi 18 au 19 hivi za Selsiasi. Kwa mwili wa mtu aliyezoea joto la kaskazi, hiyo ni baridi ya kujifunika shuka mbili. Kwa betri na injini, hata hivyo, hiyo ni hali ya wastani kabisa.

Ni kweli kwamba betri ya risasi na asidi hupungukiwa nguvu inapopoa, kwa kuwa mabadiliko ya kikemia ndani yake huenda polepole. Katika nchi za theluji, joto likishuka hadi nyuzi sifuri, betri hupoteza theluthi moja hivi ya nguvu zake za kuzungusha stata. Lakini katika nyuzi 18 hasara hiyo ni ndogo mno, na betri nzima haitaionyesha. Hata katika uwanda wa juu wa Mueda, ulio mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri huwa na ubaridi wa nyuzi tano hivi zaidi kuliko pwani, pikipiki iliyotunzwa yapasa kuwaka.

Mwuaji hasa wa betri ni joto. Joto la Novemba na Desemba, linalozidi nyuzi 30 kivulini, hukausha maji ya betri, huharakisha kuliwa kwa bamba zake za risasi, na huifanya ipoteze umeme wake hata ikiwa imesimama tu. Wataalamu hukadiria kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu hivi. Basi betri huuawa na joto la kaskazi, na baridi ya kusi huja kuizika. Ndiyo maana mazishi yanapofanyika Julai, watu humtuhumu yule aliyekuwapo makaburini, nao hawamwulizi yule aliyepita Desemba.

CHUMVI NA UMANDE

Sababu ya pili imefichika zaidi. Upepo wa kusi hupuliza kutoka baharini ukibeba chembe za chumvi, nazo hutua juu ya nyaya, swichi, kofia ya plagi na vichwa vya betri. Mchana chembe hizo ni kavu na hazina dhara kubwa. Lakini chumvi ina tabia moja: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hivi, huanza kunyonya maji ya hewani hadi ikayeyuka. Usiku wa pwani hupita kiwango hicho kwa urahisi. Tena vyuma vya pikipiki iliyolala nje hupoa upesi chini ya anga tupu, na umande hutua juu yake.

Matokeo ni kwamba, inapofika alfajiri, kila kiungo cha umeme kimepakwa maji ya chumvi. Jua likipanda hadi saa tatu, maji hukauka, na pikipiki huwaka kana kwamba haijapata kuugua. Hapo ndipo mwenyewe husema, "Sikukwambia? Ilikuwa baridi tu." Kumbe aliyeondoka ni umande, wala si baridi, na kutu aliyoiacha nyuma inaendelea kula waya.

Yafaa askari aelewe kwa nini kutu kidogo huleta unyonge mkubwa. Stata ya pikipiki ndogo huvuta umeme wa makumi ya ampea. Tuseme inavuta ampea 50, na kwenye kiungo chenye kutu kuna ukinzani wa sehemu moja ya ishirini ya omu tu. Volti mbili na nusu zitapotelea hapo hapo, na stata itabaki na mabaki. Ama taa za ishara na honi, ambazo huvuta ampea mbili hivi, zitapoteza sehemu moja ya kumi ya volti peke yake. Ndiyo maana taa hung'aa na honi hulia sawasawa, ilhali stata inajikokota. Wengi hudanganywa na honi hiyo, wakanunua stata mpya bure.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Daktari mwema humsikiliza mgonjwa kabla ya kumchoma sindano. Vivyo hivyo pikipiki husema ugonjwa wake kwa sauti, nazo sauti zake kubwa ni nne.

Kwanza, stata inazunguka kwa uvivu au inagonga "tak" na kunyamaza, lakini ukipiga kiki injini inawaka mara moja. Ugonjwa uko katika betri, nyaya zake au stata yenyewe. Usiguse kabureta.

Pili, stata inazunguka kwa nguvu zote, lakini injini haiwaki kabisa. Hapa tazama plagi na cheche yake, kisha petroli.

Tatu, injini inawaka, inakohoa, kisha inazima mara unapoongeza mafuta. Hapa tazama choki, maji katika petroli, na matundu membamba ya kabureta.

Nne, kiki imekuwa laipesi mguuni kuliko zamani, na injini huwaka kwa shida kila asubuhi. Hapa mgandamizo wa injini unavuja, ama kwa sababu vali zimebana mno, ama ringi za pistoni zimechakaa. Kazi hiyo ni ya karakana.

Mtu akizitenga sauti hizi nne, amekwisha kuokoa nusu ya kazi.

BETRI NA NYAYA ZAKE

Anza na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hiyo ni kutu. Zima swichi, fungua kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya. Wakati wa kufunga, anza na chanya na umalize na hasi. Utaratibu huu si wa mapambo. Waya wa hasi umeungana na fremu, na ukiwa bado umefungwa, spana inayogusa chanya na fremu kwa pamoja itatoa cheche kali. Osha vichwa kwa maji yaliyotiwa magadi, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, funga kwa kukaza, kisha paka grisi nyepesi juu yake.

Usiishie hapo. Fuata waya wa hasi hadi mahali unapofungwa kwenye injini au fremu. Sehemu hiyo imejificha, haioshwi, nayo hupata tope la chumvi kila siku. Ifungue, isugue, ifunge na kuipaka grisi. Pikipiki nyingi zilizohukumiwa kuwa na betri mbovu zimepona kwa kazi hiyo ya robo saa.

Kama kituo kina mita ya volti, ipime betri asubuhi kabla ya kuwasha. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, ikisoma 12.0 au chini ya hapo, imekaribia kwisha. Kisha soma tena huku mwenzako akibonyeza stata. Ikianguka chini ya volti 9.5, betri ni dhaifu au haikujazwa. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inajikokota, betri haina kosa. Tafuta nyaya, rilei au makaa ya stata. Mwisho, injini ikiwa imewaka na mwendo wake ni wa kati, mita ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.8. Pungufu ya hapo, betri haijazwi; zaidi ya hapo, inachemshwa. Katika hali zote mbili mkaguzi atazame rektifaya na nyaya zake.

Betri yenye vifuniko huongezwa maji ya betri yanayouzwa dukani, mpaka kwenye mstari wa juu, si zaidi. Maji ya kisima cha pwani yana chumvi, nayo ni sumu kwa betri. Wala usiongeze asidi pale palipopungua maji. Ukiichaji, tumia umeme mdogo, sehemu ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa nusu ampea. Fanya hivyo mahali penye hewa na pasipo sigara wala moto, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi safi bila kukoma kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda kwa mganga.

Liko pia jambo moja la mazoea. Vituoni ambako hakuna umeme wa gridi, askari huchaji simu zao katika betri ya pikipiki usiku kucha. Hesabu yake ni hii: betri ya volti 12 na ampea-saa 5 ina wati-saa 60; simu moja ya siku hizi hunywa wati-saa 15 hivi. Simu mbili tu zimekwisha kunywa nusu ya betri! Tena doria fupi fupi za dakika tano tano, zenye kuwasha na kuzima, hazimrudishii betri kile ilichotoa. Simu zichajiwe wakati injini inaunguruma safarini, au kwa paneli ya jua.

PLAGI NA CHECHE

Fungua plagi uitazame uso wake. Rangi ya kahawia nyepesi ni afya. Masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta mengi kuliko hewa, au chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Unyevu wa petroli ni dalili ya choki kutumiwa kupita kiasi, au cheche kukosekana. Unyevu wa oili ni dalili ya ringi au vali zilizochakaa. Isafishe, upime pengo lake kwa kufuata kitabu cha pikipiki hiyo. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Halafu tazama kofia ya plagi na waya wake. Cheche husukumwa na umeme wa maelfu ya volti, nao hutafuta njia rahisi. Kofia ikiwa imepasuka au imelowa maji ya chumvi, umeme hutoroka kwa nje na plagi hubaki bila kitu. Ukiwasha pikipiki gizani na ukaona vimulimuli vya buluu juu ya waya huo, umemkamata mwizi. Futa kofia kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, iliyopasuka ibadilishwe.

Ukitaka kuona cheche, rudisha plagi katika kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli, kisha piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya manjano na nyembamba ni dhaifu. Ishike kofia kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, usiiguse kwa mkono mtupu.

PETROLI NA MAJI

Mahali ambapo mafuta huuzwa kwa chupa na madumu, petroli hupita mikono mingi kabla ya kufika tangini. Aidha, tangi lililoachwa nusu usiku hupata jasho kwa ndani, na matone hayo huteremka mpaka kabureta. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, pale pale ambapo injini huvuta tone lake la kwanza asubuhi.

Kuyagundua si kazi. Funga koki ya petroli, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, na upokee kinachotoka katika glasi au chupa nyeupe. Kikitulia, maji yataonekana yamejitenga chini. Yamwage mbali na moto, fungua koki, uwashe. Kuhusu petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, dondosha matone machache juu ya karatasi nyeupe: petroli safi huruka bila kuacha doa la mafuta, ile yenye mafuta ya taa huacha doa linalochelewa kukauka. Dawa ya maji ya tangini ni kujaza tangi jioni badala ya kungoja asubuhi.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta, ambazo hupuliziwa petroli kwa pampu, hazina choki ya mkono. Kwa hizo, fungua swichi, ungoje pampu inung'unike na kunyamaza, ndipo ubonyeze stata. Tena zikumbukwe kwa tofauti moja: betri yake ikifa kabisa, nyingi haziwaki hata zikisukumwa na kikosi kizima.

UTARATIBU WA ALFAJIRI

Baada ya yote hayo, iko namna ya kuwasha inayoilinda pikipiki isiyo na kosa. Weka gia nyutro, fungua koki, na futa kofia ya plagi. Kabla ya kufungua swichi, shika klachi na upige kiki mara tatu nne, ili oili ienee na bamba za klachi zilizogandamana usiku ziachane. Fungua swichi, vuta choki, na usizungushe mkono wa mafuta. Bonyeza stata kwa muda usiozidi sekunde tano. Isipowaka, ipumzishe nusu dakika. Anayeng'ang'ania kitufe huichoma stata na kuimaliza betri kwa wakati mmoja. Ikiwaka, irudishe choki pole pole katika dakika moja ya kwanza.

Jioni nayo ina wajibu wake. Pikipiki ilale chini ya paa au chini ya turubai lenye kupitisha hewa. Iliyopita katika maji ya bahari ioshwe siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, na viungo vyake vipakwe grisi. Kila wiki vichwa vya betri na waya wa hasi vikaguliwe, na jina la aliyekagua liandikwe katika daftari la chombo, kama vile silaha inavyoandikwa katika daftari la ghala.

Ndugu askari na ndugu polisi, hakuna aliye tayari kwenda lindoni na bunduki yenye kutu, akisingizia kwamba usiku ulikuwa wa baridi. Pikipiki ya kituo inastahili nidhamu ile ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wenyewe hapa ni kiungo kimoja chenye kutu, kinachozibwa kwa msasa, magadi na grisi kidogo. Makamanda watenge nusu saa kila wiki kwa kazi hiyo, na kila mpanda pikipiki aianze kesho kwa waya wa hasi. Mgonjwa wa kijijini na mwenzetu aliye lindoni wanangojea chombo hicho.